Pete za Boriti Si za Kushikilia Nondo Tu
Wapo mafundi wa Goma wanaoamini kwamba pete za chuma katika boriti huwekwa tu ili nondo ndefu zisihame zege linapomwagwa. Hiyo ni kazi yake ndogo. Karibu na nguzo, ambako kwa kawaida nguvu ya mkato, yaani ile inayotaka kuikata boriti, ni kubwa zaidi, zege hupasuka kwa mshazari, na pete zinazovuka ufa huo ndizo huzuia pande zake zisiachane. Zikikosekana, boriti huweza kuvunjika ghafla, bila kupinda sana kwanza. Eurocode 2, kanuni za Ulaya za kusanifu majengo ya zege, huruhusu pete za wima ziachane hadi robo tatu za kimo faafu (kutoka upande wa boriti unaobanwa hadi katikati ya nondo zinazovutwa), lakini hicho ni kikomo, si kipimo cha kunakili: katika mji kama Goma, uliotikiswa na matetemeko ya Mei 2021 baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, mhandisi makini huzisogeza karibu zaidi penye nguzo, na hukunja ncha zake ziingie katikati ya zege.