Uzuri, sanaa na maisha ya kila siku: dhana potofu na ukweli

Dhana: Tangu zamani sanaa imekuwa kitu cha pekee, mbali na shughuli za maisha.

Mpaka huo ni wa juzi. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux aliweka muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi katika kundi moja, akaziita sanaa nzuri, kazi yake kuburudisha. Ufundi wa vitu vya kutumia ukabaki nje ya ua. Mwaka 1793 jumba la Louvre mjini Paris likafunguliwa kwa umma kama makumbusho, na picha zilizochorwa ili watu wasali mbele yake zikaanza kutazamwa na wapita njia.

John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, aliupinga mpaka huo mwaka 1934. Alikumbusha kwamba watu wa Athens hawakujenga Parthenon ili wapate kazi ya sanaa. Lilikuwa hekalu lao, sehemu ya dini na uraia wao. Tena akasema fundi mitambo anayeipenda kazi yake, anayevitunza vifaa vyake na kuridhika na alichokitengeneza, anafanya jambo la kisanii. Wengi hulisoma hilo kama sifa za kumfurahisha fundi. Lakini Dewey alimaanisha alichokisema hasa: penye umakini, mvutano na kazi iliyofika mwisho wake, chimbuko la sanaa limo.

Dhana: Kitu cha matumizi, kilichotengenezwa kwa wingi na mtu asiye na jina, hakifikii sanaa ya kweli.

Hapa mtu wa kusikilizwa ni Yanagi Sōetsu (1889–1961), mwanafalsafa wa Japani. Katika miaka ya 1920, yeye na wafinyanzi Hamada Shōji na Kawai Kanjirō walianzisha vuguvugu la mingei, yaani ufundi wa watu wa kawaida. Aliamini uzuri wa juu kabisa huzaliwa pale fundi asipoutafuta: anafinyanga mabakuli mengi, ya bei nafuu, mkono umezoea, hana haja ya kutia jina lake.

Ushahidi alioupenda ni bakuli liitwalo Kizaemon, lililofinyangwa Korea katika karne ya 16. Wataalamu wa sherehe ya chai ya Japani walilipenda mno, na leo ni hazina ya taifa, limehifadhiwa katika hekalu mjini Kyoto. Yanagi alipoonyeshwa mwaka 1931 aliliona la kawaida kabisa, bakuli la chakula la mtu maskini, na ukawaida huo ndio aliousifu.

Tusimbebe Yanagi mzima mzima, hata hivyo. Mwaka 1936 alifungua makumbusho ya mingei mjini Tokyo, na sahani za kulia chakula zikaishia kabatini, nyuma ya kioo. Hamada, mtetezi wa wafinyanzi wasio na jina, akawa maarufu duniani. Na wapo Wakorea waliomlaumu Yanagi kwa kuiita sanaa yao "uzuri wa huzuni" wakati nchi yao ikitawaliwa na Japani. Mimi naona lawama hiyo ina uzito, ingawa mwaka 1922 aliandika kupinga kubomolewa kwa Gwanghwamun, lango la kasri la kifalme mjini Seoul.

Dhana: Ukipenda, chongo huita kengeza, kwa hiyo juu ya uzuri hakuna la kubishania.

Kupenda ni jambo moja, kuhukumu ni jingine. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, mwaka 1790 alieleza kwamba anayesema kinywaji ni kitamu anatosheka kuongeza "kwangu mimi", lakini anayesema kitu ni kizuri anatarajia wengine wakubali, ingawa hana kanuni ya kuwathibitishia. David Hume naye, mwanafalsafa wa Uskoti, mwaka 1757 alitumia kisa cha waonja divai wawili. Mmoja alihisi ladha ya ngozi, mwingine ya chuma, wakachekwa. Pipa lilipomiminwa, chini kukakutwa ufunguo wenye kamba ya ngozi. Ladha huweza kunolewa, na mwenye ladha kali huona kilichomo kweli.

Dhana: Uzuri wa kila siku ni pambo tu, haumdhuru mtu.

Mwanafalsafa Yuriko Saito, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu ujumi (falsafa ya uzuri) wa kila siku, anaonyesha kinyume chake. Kwa kupenda nyasi za kijani zilizokatwa sawasawa, watu humwaga maji na kemikali nyingi. Kwa kuona mitambo ya umeme wa upepo inaharibu mandhari, hupinga nishati safi. Hakuna aliyekaa akapitisha sera. Macho ndiyo yaliyoamua. Saito hatuambii tuache kupenda. Anasema jicho hufundishika, na mtambo uliochukiza mwanzoni unaweza kuonekana vingine mtu akijua unafanya nini na nani alishirikishwa kuamua uwekwe pale.