Paa la Daraja si Pambo: Maelezo kwa Madereva wa Vermont na New Hampshire

Kila msimu wa kuhama nyumba ukianza, taarifa tunazopokea hufanana: lori la kukodi limekwama ndani ya daraja la mbao lenye paa, na dereva anaeleza kwamba ramani ya simu ndiyo iliyompitisha huko. Hatuamini kwamba kuna mkazi anayefanya hivyo makusudi. Kwa kuwa wanaozungumza Kiswahili na kuendesha magari ya mizigo katika majimbo haya mawili wamekuwa wengi, tumeona tutoe maelezo haya kwa lugha yao.

Swali tunaloulizwa zaidi ni kwa nini daraja liezekwe. Si kwa ajili ya kuzuia theluji. Zamani, wakati wa baridi, vijiji viliwalipa watu wamwage theluji juu ya sakafu ya daraja ili magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu, yaliyokokotwa na farasi, yaweze kupita. Wala si kwa ajili ya wapita njia kujikinga mvua, ingawa wanajikinga. Paa na kuta zinalinda kenchi, yaani zile fremu kubwa za mbao za kulia na kushoto zinazobeba mzigo wote. Mbao inayolowa na kukauka, kisha ikalowa tena, huota kuvu na kuoza kuanzia kwenye maungio. Fundi Timothy Palmer, aliyejenga daraja la Philadelphia lililokamilika mwaka 1805, alikadiria kwamba bila kufunikwa lingedumu miaka 10 au 12, na likifunikwa vizuri, 30 hata 40. Makadirio yake yalikuwa ya woga: yapo madaraja ya kufunikwa yaliyopita miaka 150 na bado yanapitisha magari.

Mfano wa karibu ni daraja la Cornish–Windsor juu ya Mto Connecticut, lililojengwa mwaka 1866 na James Tasker na Bela Fletcher kwa dola 9,000. Kabla yake madaraja matatu yalikuwa yamesimama hapohapo, na mto uliyachukua yote. Hili la nne lina urefu wa futi 449 na limekaa juu ya nguzo moja tu ya katikati. Kenchi zake ni za mtindo wa mbunifu majengo Ithiel Town, aliyepata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1820: mbao zinapishana kwa mshazari kama chane za mkeka, mzigo ukigawanyika katika maungio mengi. Town alitoza dola 1 kwa kila futi ya daraja lililojengwa kwa mtindo wake, na dola 2 kwa aliyenaswa amejenga bila ruhusa. Tasker na Fletcher walitumia magogo mazito yaliyochongwa mraba na kukatwa pengo ili yashikane, badala ya mbao nyembamba za kawaida.

Kwenye mlango wa daraja hilo kuna kibao kinachoamuru farasi waende mwendo wa kutembea, la sivyo faini ni dola 2. Wageni hukipiga picha wakicheka. Ilikuwa sheria, na dola 2 zilizidi ujira wa kibarua wa siku nzima. Farasi wakikimbia kwa hatua moja hulitikisa daraja.

Sasa tuje kwenye lori. Tumechoka kusikia kwamba “nimekwaruza paa tu.” Juu ya kichwa chako kuna mihimili inayoziunganisha kenchi mbili ili zisilale upande. Ukiivunja, umelijeruhi daraja lenyewe. Kwa hiyo, soma vibao viwili kabla ya kuingia: cha uzito na cha kimo. Kimo cha lori la kukodi huandikwa ndani, karibu na usukani; ongeza chochote ulichofunga juu. Kama hujui, usiingie. Ukikwama, zima injini, washa taa za tahadhari, toa abiria, piga 911. Usirudi nyuma kwa nguvu, maana mara nyingi kurudi huko ndiko kunakong’oa mihimili ambayo kugonga kulikuwa kumeiacha. Usiondoke: kugonga mali ya umma na kutoroka ni kosa la pili, linalohesabiwa peke yake. Daraja linaweza kufungwa hadi mkaguzi alipitie. Faini inategemea jimbo, uzito na kimo, lakini mara nyingi ndiyo sehemu ndogo, kwani gharama za ukarabati zinaweza kudaiwa kwako. Mikataba mingi ya kukodi malori haijumuishi uharibifu wa kugonga kitu kilicho juu, hata kama ulilipia bima ya ziada. Tafadhali soma kifungu hicho kabla ya kuweka sahihi.

Mafuriko hatuwezi kuyaandikia faini. Agosti 2011, dhoruba Irene ililizoa daraja la Bartonsville, Vermont, lililokuwapo tangu 1870. Jipya lilifunguliwa 2013.

Waendao kwa miguu na baiskeli hawahusiki na kimo. Wanahusika na moto: sigara izimwe nje, na asiwepo wa kuwasha jiko la mkaa chini ya daraja, hata kama kivuli ni kizuri. Daraja la Corbin, Newport, New Hampshire, liliteketea mwaka 1993 kwa moto uliowashwa makusudi. La sasa ni la mwaka 1994.