Uhafidhina ni nini, na una undugu gani na uliberali?

Ukimwita mtu "mhafidhina" barazani Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, wengi watamfikiria mzee mkali, asiyetaka ngoma harusini wala pikipiki mtaani. Ni matumizi yaliyozoeleka, ila yanaficha maana ya neno lenyewe. Uhafidhina umetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa hifadhi, kuhifadhi, na hafidh, yaani mtu aliyeihifadhi Kurani kifuani. Kwa asili yake, basi, mhafidhina ni mtunzaji. Watu wa Lamu wamelizoea neno hifadhi zaidi tangu mwaka 2001, Mji wa Kale ulipoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na maana hiyo ya utunzaji ndiyo iliyo karibu zaidi na falsafa tunayoieleza hapa.

Uhafidhina ni msimamo wa kisiasa unaosema hivi: taasisi au desturi iliyodumu vizazi vingi imebeba maarifa ambayo hakuna mtu mmoja aliyeyaandika, kwa hiyo anayetaka kuibadilisha ndiye anayepaswa kuleta hoja, na akibadilisha abadilishe kipande kwa kipande huku akitazama matokeo. Uliberali unaanzia upande wa pili. Unasema mtu ana uhuru na haki zake kwa kuwa ni mtu, na chochote kinachombana, kiwe sheria, serikali au mila, ndicho kinachopaswa kujieleza. Ukishika hapo umeshika sehemu kubwa ya mjadala. Pande zote mbili zinaweza kutaka mahakama huru, mali binafsi na bunge. Zinachogombania kwanza ni nani atoe hoja.

Tuanze na uliberali, maana ndio uliotangulia. Mwaka 1689 John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alitoa maandiko mawili kuhusu serikali, bila kutia jina lake. Hoja yake ni kwamba kabla ya kuwapo serikali watu tayari wana haki za asili: uhai, uhuru na mali. Wanakubaliana kuunda serikali ili izilinde haki hizo, na ikizivunja wana haki ya kuiondoa. Hayo yalikwenda sambamba na matukio ya 1688, Waingereza walipomwondoa Mfalme James wa Pili na Bunge likapata nguvu juu ya ufalme.

Chama kilichojivunia mapinduzi hayo ya 1688 kiliitwa Whig. Mtu anayetajwa leo kuwa baba wa uhafidhina, Edmund Burke, alikuwa mbunge wa chama hicho hicho. Wengi wanaosimulia habari hii hulipita jambo hilo haraka, nalo ndilo ufunguo. Burke alizaliwa Dublin mwaka 1729. Aliwatetea wakoloni wa Marekani dhidi ya serikali ya London, na katika hotuba yake ya Machi 1775 alisema kwamba swali kwake si kama Uingereza ina haki ya kuwatesa watu wake, bali kama si faida yake kuwafurahisha. Akatumia miaka mingi kumshtaki Warren Hastings, gavana wa Kampuni ya Uingereza huko India, kwa dhuluma aliyowafanyia watu wa kule, ingawa Hastings aliachiliwa mwaka 1795. Mtu wa namna hiyo si mlinzi wa kila mwenye kiti. Wala hakujiita mhafidhina hata siku moja. Jina hilo la kisiasa halikuwapo.

Kilichomgeuza machoni pa watu ni kitabu chake cha Novemba 1790 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa. Wakati huo mfalme wa Ufaransa alikuwa hai bado, na waliberali wengi wa London walikuwa wakishangilia. Burke akatabiri kwamba utaratibu ukishavunjwa, jeshi litamfuata jemadari mmoja atakayejua kulivutia, na huyo ndiye atakayekuwa bwana wa wote. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1793, na Napoleon akatwaa madaraka mwaka 1799, Burke akiwa amekwisha kufa miaka miwili nyuma.

Alijuaje? Hakuwa mtabiri. Alikuwa na hoja, naye alipenda kuieleza kwa mfano wa jengo. Aliwaambia Wafaransa kwamba katiba yao ya zamani imechakaa kweli, lakini baadhi ya kuta zimesimama na msingi upo. Wangeweza kuzikarabati kuta hizo na kujenga juu ya msingi ule.

Mfano huo msomaji wa Lamu anaujua kuliko profesa wa Paris. Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake ikishikwa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana hauzidi sana mita tatu, kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho boriti inakiweza. Sasa aje fundi asiyeijua nyumba hiyo, aone lipu imepasuka, apige saruji. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na chumvi kutoka chini. Chokaa hupumua, unyevu ukatoka polepole. Saruji huziba. Unyevu unabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, lipu inavimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza mahali ambapo jicho halifiki. Fundi huyo si mjinga. Ukivipima vitu viwili hivyo mkononi, saruji ni ngumu kuliko chokaa. Alikosea kuipima sehemu mbali na jengo lake. Hiyo ndiyo lawama ya Burke kwa wanamapinduzi: akiba ya akili ya mtu mmoja ni ndogo, afadhali akope katika hazina ya vizazi.

Ila mfano huo huo unamkata mhafidhina bandia. Nyumba ya matumbawe isiyopakwa chokaa mara kwa mara huanguka. Burke mwenyewe aliandika kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kujihifadhi. Anayekataa kila badiliko hamfuati Burke, na anayetaka kurudisha zama zilizopita, kwa nguvu ikibidi, ana jina lake jingine: ni mrejeshaji. Joseph de Maistre wa Savoy ndiye mfano unaotajwa sana, mtu aliyetaka kiti cha mfalme na madaraka ya Papa visimame tena juu ya kila hoja. Ndiye pia aliyesema kwa kejeli kwamba ameonana na Wafaransa, Wataliani na Warusi, lakini huyo "binadamu" anayetajwa katika katiba hajapata kukutana naye. Maneno ni makali, nayo yanawachoma waliberali hadi leo.

Burke anasema kitu kingine ambacho Kiswahili kina chombo tayari cha kukibeba: wakfu. Alisema uhuru wa Waingereza ni urithi uliofungwa, umetoka kwa wahenga na lazima ufikishwe kwa watakaozaliwa, na kwamba jamii ni ubia kati ya waliokufa, walio hai na wajao. Mtu akiiweka nyumba wakfu kwa dhuria zake, haiuzwi, haitolewi zawadi, haigawanywi kama mirathi. Walio hai wanafaidi kodi, msimamizi anaitunza, na nyumba yenyewe si ya yeyote kati yao. Kwa Locke uhuru unafanana zaidi na milki: ni wangu, na anayetaka kunizuia anieleze kwa nini. Mfano wa wakfu ni wetu, Burke hakuutaja, lakini unaingia barabara, hata kwa kasoro zake. Kila mwenye nyumba ya wakfu anajua inavyokuwa baada ya vizazi vitatu: wafaidi wameongezeka, fungu la kila mmoja halinunui hata mfuko wa chokaa, hakuna anayejiona mwenye mali, na paa linavuja. Urithi usio na mtu wa kuuwajibikia huozea mikononi mwa wanaousifu.

Je, Wafaransa walikosea kila kitu? Hapana, na hapa watetezi wa Burke hupenda kunyamaza. Mwaka 1793 wanamapinduzi walifuta kalenda ya zamani wakaweka wiki ya siku 10. Kwa hesabu ilikuwa safi. Kwa maisha, iliwaondolea wafanyakazi pumziko la kila siku saba, ikavuruga siku za soko na za ibada. Fikiria Ijumaa ikitangazwa kuwa haipo. Kalenda hiyo ilifutwa rasmi mwanzoni mwa 1806. Lakini mapinduzi hayo hayo, kwa akili ile ile ya hesabu, yalileta mita mwaka 1795, na leo fundi wa Lamu aliyefunzwa na babu yake kupima kwa dhiraa anabeba futikamba yenye mita. Mpango wa mezani si lazima ufe. Mita ilibadilisha kipimo tu, ila kalenda iliingia katika mapumziko, soko na sala kwa mpigo mmoja. (Saa zetu za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu jua linapochomoza, hakuna bunge lililozipitisha, na hakuna mtu hapa anayekosea miadi kwa sababu yake.)

Majina ya kambi hizi yalikuja baadaye. "Liberali" kama jina la kundi la siasa lilianza Hispania, katika bunge la Cádiz lililotoa katiba ya 1812. "Mhafidhina" lilisambaa kutoka Ufaransa, ambako mwandishi Chateaubriand alianzisha gazeti lenye jina hilo mwaka 1818, na Uingereza chama cha Tory, wapinzani wa Whig, kikalichukua katika miaka ya 1830. Kwa hiyo uhafidhina si dude la kale lililokuwapo kabla ya uliberali. Ulizaliwa kama jibu, ndani ya dunia ambayo uliberali ulikwisha kuibadilisha, na baba yake alitoka nyumba hiyo hiyo ya Whig. Sisi tungesema ni ndugu wa baba mmoja wanaogombea namna ya kutunza nyumba, huku mrejeshaji akiwa nje akidai kiwanja kizima.

Pingamizi zito la waliberali dhidi ya uhafidhina halina haja ya kuletwa kutoka Ulaya. Utumwa nao ulikuwa desturi ya vizazi katika pwani hii. Ulikuwa na sheria zake, adabu zake na watu waliouona ni mpango wa dunia. Katika pwani ya Kenya hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907 tu. Burke alichora mwaka 1780 mpango wa kuupunguza utumwa hatua kwa hatua. Katika makoloni ya Uingereza sheria ya kuufuta ilipita 1833. Gharama ya polepole ile inayosifiwa ililipwa na mtu ambaye hakuwa na nafasi barazani kusema aionavyo. Mwanafalsafa mliberali wa Uingereza, John Stuart Mill, katika maandiko yake ya 1859 kuhusu uhuru, alionya kwamba nguvu ya mazoea ya jamii inaweza kumbana mtu kuliko hata serikali. Hapa, kwa maoni yetu, mliberali ana haki: hekima ya wahenga ni kweli, ila lazima uulize ni wahenga wa nani waliohesabiwa.

Kinachowachanganya wasomaji wa leo ni soko huria. Adam Smith alilifundisha mwaka 1776, na kwa asili ni wazo la kiliberali, Burke alilipenda. Katika karne ya 20 vyama vya kihafidhina vya Uingereza na Marekani vilijifanya walinzi wake wakuu dhidi ya ujamaa. Mwanauchumi Friedrich Hayek, ambaye wahafidhina wengi walimwona ni wao, aliandika mwaka 1960 kueleza kwa nini yeye si mhafidhina: aliona uhafidhina unaweza kupunguza mwendo wa safari, lakini hauna njia nyingine ya kuonyesha. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Oakeshott alikuwa amekwisha kumpiga kijembe kwamba mpango wa kupinga mipango yote bado ni mpango. Na Marekani neno "liberali" limehama tena, siku hizi linamaanisha mtu wa mrengo wa kushoto anayetaka serikali igharimie mengi. Ukisoma habari za kule, usilichukue neno hilo ukamvisha Locke.

Ugomvi wa soko na uhifadhi unaonekana Lamu bila kufungua kitabu. Familia inashindwa kukarabati nyumba ya kale, inauza, na kuuza ni haki yake. Mnunuzi ana fedha, anamtafuta fundi anayeijua chokaa, boriti zinabadilishwa, nakshi za mlango zinasafishwa, nyumba inakuwa ya kukodishia wageni. Mliberali ataona mkataba wa hiari uliomfaa kila mmoja. Ofisi ya hifadhi itakagua kuta, na kuta ni nzuri kuliko zilivyokuwa kwa miaka 50. Mfuasi wa Burke atapita baada ya maghribi, aone baraza mbili za mawe pembeni mwa mlango, zimepakwa chokaa upya, hazina mtu aliyekaa.