Upeo Unaosogea: Tarakimu Zinapotulia Bila Bahari Kutulia

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, maji ya Bahari ya Kaskazini yalipanda hadi mita 3.85 juu ya usawa rejea, yaani kimo maalumu cha kuanzia kupima, katika kituo cha Hoek van Holland, yakabomoa matuta ya kuzuia maji na kuua watu 1,836 nchini Uholanzi. Tuchukulie mtakwimu anayeandika, kila mwaka, kimo kikubwa kuliko vyote vya miaka 30 ya karibuni. Daftari lake lingeonyesha mita 3.85 mfululizo kuanzia 1953 hadi 1982, kisha mwaka 1983 tarakimu ingeshuka ghafla, si kwa sababu bahari imetulia, bali kwa sababu mwaka 1953 umetoka nje ya kipindi.

Huo ndio upeo unaosogea: kimo kikubwa kuliko vyote katika kipindi kinachosogea mwaka mmoja mmoja. Tukikubali kwamba vimo vya kila mwaka ni vigeu nasibu huru vyenye mgawanyo mmoja usiobadilika (yaani kimo cha mwaka mmoja hakiathiri cha mwingine, na uwezekano wa kila kimo ni uleule kila mwaka), mwenendo wake unakokotoleka. Vipindi viwili vinavyofuatana vina jumla ya miaka 31, na upeo hubadilika pale tu kimo kikubwa kuliko vyote kinapoangukia mwaka wa kwanza, unaotoka, au wa mwisho, unaoingia. Kwa kuwa kila mwaka una nafasi sawa, uwezekano huo ni 2 kwa 31, takriban asilimia 6.5, na kwa wastani tarakimu moja hudumu miaka 15 na nusu. Hesabu hii, kwa maoni yangu iliyo nzuri kuliko zote katika somo hili, haitegemei umbo la mgawanyo, mradi vimo viwili visilingane: iwe mvua, upepo au mawimbi, jibu ni lilelile.

Kwa hiyo mstari mnyoofu kwenye grafu ya namna hii si ushahidi wa usalama, na ngazi inayoshuka si ushahidi wa mabadiliko. Tarakimu 100 za upeo wa miaka 30 zimetokana na miaka 129 tu, na dhoruba moja yaweza kujirudia humo mara 30; anayezihesabu kama mashahidi 100 huru anajidanganya.

Ndiyo maana, baada ya maafa yale, mwanahisabati David van Dantzig na wenzake hawakuishia kwenye rekodi ya mita 3.85. Walichunguza mgawanyo wa vimo vikubwa kwa ujumla, na Kamati ya Delta, iliyoundwa na serikali ya Uholanzi baada ya mafuriko hayo, ikapendekeza kwa kituo hicho kimo cha mita 5, ambacho uwezekano wake wa kuzidiwa katika mwaka wowote ulikadiriwa kuwa 1 kwa 10,000.