Vigawo vya 61,741,120

Idadi ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya 2022, iliyotangazwa hapa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo, ni 61,741,120. Tuiweke kando kama takwimu, tuitazame kama namba nzima: vigawo vyake tasa ni vipi?

Ni shufwa, kwa hiyo gawanya kwa 2 mpaka ufikie witiri: 30,870,560, 15,435,280, 7,717,640, 3,858,820, 1,929,410, 964,705. Mara sita. Gawanya kwa 5, unapata 192,941. Jumla ya tarakimu zake ni 26, hivyo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7 inagawanyika: 27,563.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hujaribu 7 tena, 11, 13, hadi 31, wakiona kila mara kuna baki husema ni namba tasa. Unatakiwa uendelee hadi kipeuo cha pili, ambacho hapa ni kama 166. Kwa 37 na 41 kuna baki. Kwa 43 hakuna: 43 × 641. Nayo 641 huna haja ya kuihangaikia. Ni ndogo kuliko 43 × 43, na namba tasa zote zilizo chini ya 43 umeshazijaribu. (Ndiyo 641 ile ile ambayo mwanahisabati Euler aliitumia mwaka 1732 kuonyesha kuwa 4,294,967,297 si tasa, kinyume na dhana ya Fermat, mwanahisabati wa kabla yake.)

Basi 61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = vigawo 112.

Kazi hii inalipa kwenye uwiano. Wanaume ni 30,053,130, wanawake 31,687,990. Kigawo cha shirika cha namba mbili lazima kigawe na jumla yake, kwa hiyo namba tasa za kujaribu ni tano tu. Wengi hufuta sifuri wakaishia 3,005,313 kwa 3,168,799, kumbe 43 bado imo: 69,891 kwa 73,693. Idadi ya wanaume haigawanyiki kwa 4, 7 wala 641, na 5 imo mara moja tu. Kigawo kikubwa cha shirika (KKS) ni 430. Hiyo 43 ni bahati ya namba, haisemi lolote kuhusu watu.

Mkoa wa Dodoma, 3,085,625, ni 5⁴ × 4,937. KKS yake na ya taifa ni 5 tu, na sehemu inayobaki, 617,125/12,348,224, haimsaidii mtu. Sema moja ya ishirini: 61,741,120 ÷ 20 ni 3,087,056, tofauti ya watu 1,431.