Ndugu wakimbiaji, muhuri wa "fiti" haupimi moyo

Msimu wa mbio ukikaribia foleni yetu pale kliniki ya moyo inabadilika sura. Wagonjwa wa siku zote wapo, ila wanaongezeka watu wa jogingi, fulana inang'aa, saa kubwa mkononi, kashajiandikisha kilomita 21 au 42 za Kilimanjaro na zimebaki wiki mbili, anakwambia dokta nipige ECG fasta nikakimbie. Nianze na hilo maana nimechoka kulielezea mlangoni.

ECG ya kulala kitandani inasoma umeme wa moyo kwa sekunde chache ukiwa umetulia. Inaonyesha mapigo yaliyovurugika, dalili za msuli ulionenepa na baadhi ya magonjwa ya kurithi. Mshipa ulioziba nusu kwa mafuta inaweza isiuone kabisa. Mtu wa miaka 48 anatoka na karatasi safi anairusha kwenye grupu, kumbe mishipa imebana, akiwa amelala moyo haudai damu nyingi, utadai akianza kupanda kile kilima cha Mweka. Na kwa waliovuka 35 hivi, hiyo mishipa ndiyo inayoua zaidi mazoezini. Vijana chini ya hapo mara nyingi ni mambo ya kuzaliwa nayo, kama Marc-Vivien Foé wa Cameroon aliyeanguka uwanjani Lyon mwaka 2003 akiwa na miaka 28, mchezaji wa kulipwa, msuli wa moyo ulikuwa umenenepa. Kwa hiyo lile neno la "mimi mbona mwembamba na nina pumzi" naomba tuliache.

Sisemi muache kukimbia. Marekani waliangalia wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya 2000 na 2010, moyo ulisimama kwa watu 59, kati yao 51 wanaume, wakafa 42. Ni wachache. Lakini ndiyo hao tunaowatafuta, na tunawatafuta kwanza kwa maswali, sio kwa mashine, na hapo kwenye maswali ndipo mnapotuangusha.

Tunauliza kifua kinabana ukikimbia? Unajibu hapana, ni gesi tu. Gesi gani inayokuja ukipanda ngazi na kuondoka ukisimama? Uliwahi kuzimia katikati ya mazoezi? Utotoni ulikuwa unachomwa sindano kila mwezi kwa ajili ya moyo? Presha, sukari, kolestro, sigara (na shisha ni moshi pia jamani)? Halafu swali la ukoo. Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Hakuna dokta. Tunaendelea na stori, dakika kumi baadaye anamtaja baba mdogo aliyelala hakuamka akiwa na miaka 33, lakini "ule ulikuwa mkono wa mtu." Sawa, sibishani na msiba wa watu, ila kwenye fomu yangu huyo baba mdogo naomba aandikwe. Hata yule aliyezama na alikuwa anajua kuogelea aandikwe, huenda moyo ndio ulisimama majini. Jim Fixx, Mmarekani aliyewahamasisha wenzake wengi kuingia barabarani, alikufa akikimbia mwaka 1984 na miaka 52, mishipa imeziba, na baba yake alikuwa amepata shambulio la moyo na miaka 35 akafa na 43. Mbio zilimsaidia mengi, ukoo ulibaki palepale.

Sasa nani apimwe nini. Kama unafanya mazoezi mara kwa mara, huna ugonjwa unaojulikana na huna dalili, kwa kawaida hatukuzuii, ongeza kilomita taratibu. Kama ulikuwa mtu wa kochi na una presha au sukari, njoo kabla ya kuanza, sio wiki ya mbio. Mwenye dalili asimame kwanza. Wengine tunawapeleka eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), wengine tunawakimbiza kwenye mashine ya kukimbilia huku ECG inasoma. Ukipangiwa mashine njoo na raba, usile mlo mzito ndani ya masaa matatu kabla ya kipimo, usinywe kahawa wala kuvuta siku hiyo, dawa zako njoo nazo na usiache hata moja mpaka uambiwe, wanaume mtanyolewa kifua kidogo ili vibandiko vya ECG vishike, vipo 10. Kila dakika 3 mashine inaongeza kasi na mwinuko, tunapima presha huku unatembea, ukisikia kifua sema, usijikaze, hapa hakuna medali.

Kuhusu barua ya daktari ya kusema uko fiti kukimbia. Ipo mbio nje ya nchi inayodai cheti cha daktari, Italia tangu 1982 sheria inataka wanamichezo wa mashindano wapimwe. Barua ya kweli ina namba ya faili, tarehe, jina la daktari na namba yake ya usajili. Zile za stationari tunaletewa kuzihakiki na tunazijua. Kughushi nyaraka ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungo kinafika miaka 7, kwa ajili ya nusu marathoni kweli?

Ukiwa na homa wiki ya mbio, usikimbie. Halina mjadala.

La mwisho ni namba ya kifuani. Nyuma yake kuna sehemu ya kuandika simu ya ndugu na dawa unazotumia, ijaze. Na usikimbie na namba ya rafiki. Achana na kufutiwa matokeo, ukianguka watu wa huduma ya kwanza wanageuza ile karatasi, wanasoma dawa zisizo zako, wanapiga simu, na kule Tabata mke wa mwenye namba anaambiwa mumewe kaanguka Moshi wakati mumewe yuko mezani anakula chapati.