Ufa uliopakwa rangi: mambo ambayo muuzaji wa nyumba hapaswi kuyaficha

Mvua za masika zikishakolea, watu wanaofika ofisini kwetu hubadilika. Januari na Februari huja waombaji wa vibali vya ujenzi. Kuanzia Aprili huja watu wenye simu mkononi na picha za kuonyesha: maji yamefika kwenye soketi za sebuleni, ukuta wa chumba cha watoto umepasuka kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, choo kinarudisha uchafu. Ukimuuliza mhusika alinunua lini, mara nyingi atakwambia ni kiangazi, na nyumba ilikuwa bado inanukia rangi.

Mimi ni mhandisi majengo katika halmashauri moja mkoani Arusha, na kukagua nyumba za namna hii ni sehemu ya kazi yangu. Kwa sasa nyumba zinauzwa kwa haraka. Tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa Olmoti, madalali wanawaambia wateja kwamba wakichelewa siku mbili watakuta imeshachukuliwa. Haraka hiyo inamfaa mwenye jambo la kuficha. Hata hivyo ninaamini wauzaji wengi ni waungwana, ila hawajui kwamba wanachokiita "kuipendezesha nyumba" wakati mwingine kina jina lingine kisheria.

Hapa Tanzania muuzaji hajazi fomu ya lazima ya kueleza ubovu wa nyumba yake. Kinachotumika ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 17 kinaeleza udanganyifu ni nini, na humo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kukaa kimya peke yake, pale ambapo hakuna wajibu wa kusema, si udanganyifu. Kuficha kwa vitendo jambo unalolijua ni udanganyifu. Kwa hiyo muuzaji aliyenyamaza huku ufa unaonekana ukutani ana kesi yake, na aliyeuziba kwa plasta, akapaka rangi, akasogeza kabati mbele yake, ana kesi nyingine kabisa. Huyu wa pili hawezi kujitetea kwamba hakutamka uongo. Mikono yake ilitamka.

Mnunuzi naye ana sehemu yake, na hapa huwa nasikilizwa kwa shingo upande. Kifungu cha 19 kinasema mkataba uliotokana na udanganyifu unaweza kutenguliwa na aliyedanganywa. Lakini kama kilichompotosha ni ukimya au maelezo yasiyo sahihi, na angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hapewi nafasi hiyo. Uangalifu wa kawaida ni kuingia kila chumba, kufunua chemba za maji taka, kupanda darini kuangalia kenchi zinazobeba paa, kuongea na jirani wa kushoto na wa kulia. Mtu ananunua nyumba ya milioni 120 saa moja usiku kwa tochi ya simu, halafu Aprili anatuuliza serikali ilikuwa wapi.

Sasa niyataje yale yanayofichwa zaidi huku kwetu.

Maji ya mvua ndiyo ya kwanza. Jiji la Arusha limekatwa na mito ya Themi, Naura na Burka, pamoja na makorongo ambayo kiangazi hugeuka njia za mbuzi. Korongo kavu halimtishi mtu, na muuzaji akikaa kimya hakuna atakayeuliza. Alama ninazozitafuta mimi ni plasta mpya iliyozunguka nyumba nzima kwa kimo cha nusu mita kutoka chini, milango iliyooza miguu, na chumvi nyeupe inayochomoza juu ya jamvi, yaani zege la sakafu. Kama nyumba iliwahi kuingia maji katika masika ya 2024, majirani wote wanajua, na hawalipwi na dalali. Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji. Mwenye nyumba aliyewahi kupelekewa notisi kwa sababu hiyo, akaikunja na kuiweka kwenye droo, kisha akauza, hana namna ya kusema hakujua. Ni hivyo hivyo kwa nyumba iliyowekewa alama ya X, ile ya kutakiwa kubomolewa, kwenye hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 imepeleka hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Nimewahi kufika kwenye nyumba ambayo X ilikuwa imepakwa rangi ya ukuta mara tatu, na bado jua likiipiga kwa pembeni unaiona.

Kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kama ulimbo wakati wa mvua na kupasuka kama kigae kilichovunjika wakati wa jua. Ukinywa maji huvimba na kuinua msingi, ukikauka husinyaa na kuuacha ukining'inia. Nyufa zake hukata mshazari kutoka kona za madirisha, na kuzibwa huku msingi haujarekebishwa ni kuahirisha kwa msimu mmoja tu. Muuzaji aliyekaa humo miaka mitano anaujua ufa wake vizuri, pengine hata mwezi unaofunguka.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni shimo la choo la zamani. Familia ilianza na choo cha shimo nyuma ya nyumba. Baadaye wakajenga choo cha ndani, shimo likafukiwa kwa vifusi na takataka, na miaka ikipita mtu anaongeza chumba kuelekea nyuma. Shimo sasa liko chini ya jamvi. Vifusi huendelea kushuka, hewa inabaki katikati, na siku moja sakafu inapasuka chini ya kitanda. Jambo hili mnunuzi hawezi kuligundua kwa uangalifu wowote wa kawaida. Anayejua ni aliyechimba na aliyefukia. Mzee mmoja wa Moshi aliyeuza nyumba yake kwa kijana wa huku aliliandika ndani ya mkataba: chumba cha nyuma kina shimo chini, futi ngapi, lilifukiwa mwaka gani. Walipunguziana bei, kijana akalifukua na kulijaza mawe na zege kabla hajahamia. Iliwachukua mazungumzo ya nusu saa.

Kisima nacho kina habari ndefu. Kwenye miteremko ya Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River na Maji ya Chai, tangazo la nyumba huandikwa "kisima kirefu kipo" kama vile ni sifa iliyokamilika. Miamba ya volkano ya mlima huu hutoa floraidi nyingi ndani ya maji. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Zamani Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine, na kiwango hicho kiliondolewa mwaka 2018. Floraidi ikizidi, meno ya watoto wanaokua hugeuka kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa. Haina rangi wala harufu. Nawaomba tena wananchi waache kuambiana kwamba ukichemsha inatoka. Haitoki. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki yote, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Njia zinazofanya kazi ni kuchuja, kwa mfano kwa mkaa wa mifupa. Mwenye nyumba aliyewahi kupima kisima chake maabara na kupewa majibu mabaya, akauza kwa kusema "maji yetu ni safi, tumekunywa miaka yote", amefanya kosa ambalo litaingia mwilini mwa watoto wa mwenzake. Na mnunuzi asikae kusubiri ukarimu wa mtu. Apeleke chupa ya maji kwenye maabara ya ubora wa maji kabla ya kulipa.

Mchwa kwenye kenchi, waya za umeme zilizounganishwa na fundi asiye na leseni, na madeni ya maji na kodi ya majengo nayataja tu, wengi wanayajua.

Kisha kuna dhana ambazo nimechoka kuzisahihisha. "Nyumba ina hati." Hati inaeleza nani anamiliki ardhi, kwa matumizi gani na kwa muda gani, haijui kama lenta ina nondo. Upekuzi kwa Msajili wa Hati utakuonyesha rehani na mazuio, lakini hautakuonyesha unyevu. "Mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri." Muhuri huo si cheti cha ubora wa jengo, na mwenyekiti hakukagua chochote. "Tuliandika kwamba nimenunua kama ilivyo." Maneno hayo humsaidia muuzaji aliyeacha mambo wazi. Kwa aliyeficha makusudi, mahakama itatazama alichokificha, na sitaki kuisemea mahakama zaidi ya hapo.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuuliza kwa maandishi. Mnunuzi aandike maswali yake: Je, nyumba imewahi kuingia maji? Kuna shimo lililofukiwa mahali popote ndani ya kiwanja? Umewahi kupokea notisi yoyote kutoka mamlaka yoyote? Kisima kimepimwa lini? Muuzaji ajibu na asaini, na karatasi iambatanishwe na mkataba. Swali likishaulizwa, hakuna tena ukimya wa kujifichia, maana jibu la uongo ni kauli ya uongo. Anayepata pesa kwa kauli ya uongo akijua ni ya uongo anaweza pia kushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Kesi hiyo ya jinai huanzia polisi na ni tofauti na madai ya kurudishiwa fedha. Moja haizuii nyingine.

Kwa madai, anza na barua kwa muuzaji ukieleza kasoro, lini uliigundua na unataka nini. Sheria inakupa kuchagua: kuutengua mkataba, au kuushikilia na kudai uwekwe pale ambapo ungekuwa kama uliyoambiwa yangekuwa kweli. Ukiendelea kukaa miezi na miezi huku unajua, utaonekana umeridhika. Kama mgogoro ni wa ardhi, utapita kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila kupatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa madai ya kurejeshewa nyumba lina ukomo wa thamani ya shilingi milioni 300. Kama unadai fidia ya fedha tu na nyumba unabaki nayo, muulize wakili mahali sahihi pa kufungua, kwa sababu mashauri mengi hufutwa kwa kufunguliwa pasipostahili. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na palipo na udanganyifu muda huanza kuhesabiwa pale ulipougundua, au ulipopaswa kuugundua kwa uangalifu.

Hapa lazima niseme jambo linalowauma wengi. Ili kupunguza kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, pande mbili hukubaliana kuandika bei ndogo. Nyumba imelipwa milioni 90, mkataba unasema 40. Siku ya kudai kurudishiwa, karatasi pekee yenye saini ya muuzaji inasema 40, na mnunuzi anakuwa amekiri kwa mkono wake kwamba alishiriki kuikwepa kodi.

Anayehitaji nyumba yake ikaguliwe aandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yake, aambatishe nakala ya mkataba, picha zenye tarehe na namba ya kiwanja. Tutakuja na kutoa ripoti ya hali ya jengo. Nani ana makosa si letu kuamua. Hadi siku hiyo, tafadhali usiite fundi, usipige plasta, usipake rangi. Tunahitaji kuuona ufa ukiwa wazi.